Je, wajua kwanini askofu Mkatoliki akifika miaka 75 anaandika barua ya kustaafu, na mbona wengine wanapitiliza?

Ikitangazwa tu kwamba askofu fulani kang'atuka, hapa Tanga yanaanza kuzunguka maneno matatu kabla hata misa ya pili haijaisha: kafukuzwa, anaumwa, au kagombana na mapadre wake. Ni nadra sana kumsikia mtu akisema basi tu mzee katimiza umri, na wengine hata ukiwaambia kuna sheria ya umri hawakubali, wanakuuliza mbona askofu wa jimbo lile ana 77 na bado yupo? Swali zuri hilo, na jibu lake ndo linaeleza karibu kila kitu.

Sheria yenyewe ipo kwenye Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 401, na ukiisoma taratibu utaona haisemi kwamba askofu anastaafu akifika 75. Inasema askofu wa jimbo aliyetimiza miaka 75 anaombwa apeleke kwa Papa barua ya kujiuzulu, halafu Papa ataangalia mazingira yote ndo aamue. Kwaiyo kinachodaiwa siku ya kutimiza 75 ni barua, sio kufungasha virago. Ni kama barua ya posa, ukishaipeleka wewe yako umemaliza, wenye kujibu ni wakwe na watajibu wakitaka, na mpaka wajibu hakuna kilichobadilika. Askofu anaandika, anatuma, na kesho yake asubuhi anaamka bado ni askofu wa jimbo, anahamisha mapadre, anasaini makaratasi, anapanga ziara za kipaimara kama kawaida.

Ndo hapo watu wanapochanganya na serikalini. Mtumishi wa umma wa kawaida akifika 60 amefika, hakuna cha kusubiri mkuu wa nchi asome barua yake. Kwa askofu hilo halipo, na Papa anaweza kupokea ombi ndani ya wiki, anaweza kumwambia endelea kwanza, na anaweza kukaa nayo tu kimya. Huo ukimya ndo unazaa umbea wote parokiani, maana padre hajui, katekista hajui, na mara nyingi askofu mwenyewe naye hajui lini.

Mfano mzuri tunao Dar, wala sio wa mbali. Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali, alizaliwa Julai 1912, maana yake miaka 75 aliitimiza 1987. Aliondoka kwenye uaskofu mkuu wa Dar es Salaam lini? Julai 1992, ana miaka 80 kamili na siku kadhaa juu yake. Miaka 5 nzima amepitiliza! Aliyempokea ni Polycarp Pengo, kazaliwa 5 Agosti 1944, katimiza 75 tarehe 5 Agosti 2019, na tarehe 15 ya mwezi huohuo ombi lake likatangazwa limekubaliwa. Sheria ni ileile, kiti ni kilekile, mmoja miaka 5 mwingine siku 10.

Tofauti ilitoka wapi? Kwa Pengo, siku anatimiza 75 mrithi alishakuwa ndani ya nyumba. Mwaka 2018 Papa Fransisko alimleta Jude Thaddaeus Ruwa'ichi kuwa askofu mkuu mwandamizi wa Dar, na askofu mwandamizi sio sawa na askofu msaidizi, watu wengi hawajui hili. Msaidizi anasaidia tu, askofu wa jimbo akiondoka yeye harithi kitu. Mwandamizi anakuja akiwa na haki ya kurithi, kiti kikiwa wazi tu dakika hiyohiyo ni chake, hakuna kura, hakuna kusubiri tangazo jingine. Kwaiyo siku ukisikia jimbo limeletewa mwandamizi na askofu wenu ana miaka 73 au 74, hapo huna haja ya kuuliza kinachoendelea.

Pasipo na mwandamizi ndo kazi inakuwa ndefu. Balozi wa Papa aliyepo Dar anakusanya maoni kwa siri, anawauliza baadhi ya maaskofu na mapadre na hata walei (waumini wa kawaida) anaowaona wanafaa, halafu anapeleka Roma majina matatu. Mgombea (ingawa hagombei, na akionekana anagombea ndo kaharibu) awe na miaka 35 kwenda juu, upadre angalau miaka 5, na awe kasoma hasa teolojia, Maandiko au sheria za Kanisa. Kwa Tanzania mafaili haya hayaendi idara ya maaskofu kama ya Ulaya, yanaenda idara ya Uinjilishaji, maana bado tunahesabiwa kwenye maeneo ya kimisionari. Mwisho Papa anachagua, na anaweza akayaacha yote matatu akachukua wake. Tangazo linatoka Vatikani saa sita mchana ya kwao, yani kwetu saa saba au saa nane kutegemea majira yao, na ndo maana habari za maaskofu kila mara zinatukuta mezani tunakula.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwanini 75? Kwa karne nyingi kitu hiki hakikuwepo. Askofu alikaa mpaka Mungu amchukue, na ile pete anayovaa kidoleni ndo maana yake hiyo, ameoa jimbo. Tatizo watu walianza kuishi muda mrefu na kazi ikazidi kuwa nzito, ukawa na askofu wa miaka 88 hawezi tena kutembelea vigango (makanisa madogo ya vijijini) na hakuna wa kumwambia kitu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, mwaka 1965 ukawaomba maaskofu waliolemewa na uzee waachie wenyewe, bila kutaja umri. Namba 75 aliiweka Papa Paulo wa Sita mwaka uliofuata, Agosti 1966. Yani Tanga ilipofanywa jimbo 1958 sheria hii haikuwepo bado.

Na sisi watu wa Tanga tuna sababu yetu ya kuishangaa, kwa sababu hatujaizoea. Kiti cha askofu kinaachwa wazi kwa njia nne: kufa, kujiuzulu kukakubaliwa, kuhamishwa, au kuvuliwa. Askofu wetu Telesphor Mkude alihamishiwa Morogoro 1993. Akaja Askofu Anthony Banzi, tukakaa naye zaidi ya robo karne, akafariki Desemba 2020 akiwa na miaka 74, hajaifikia hata hiyo barua. Na ajabu ya mambo, mwisho wa Desemba hiyohiyo ndo Mkude kule Morogoro akastaafu kwa umri, 75. Maaskofu wawili waliofuatana kwenye kiti kimoja, mwezi mmoja, mmoja katoka mlango wa kifo mwingine mlango wa sheria.

Baada ya hapo Tanga tulikaa bila askofu mpaka 2023 alipoteuliwa Askofu Thomas Kiangio, na kipindi kile kilitufundisha mengi kuliko semina. Ulikuwa unaisikia kwenye misa yenyewe, padre akifika kwenye sala kuu anamtaja Papa, halafu pale palipozoeleka jina la askofu wetu anapita moja kwa moja, watoto wanaangaliana. Jimbo kipindi hicho linaongozwa na msimamizi, na sheria imemfunga mikono makusudi, kiti kikiwa wazi asilete mageuzi. Hata paroko kamili (padre mkuu wa parokia) haruhusiwi kuteua mpaka mwaka mzima upite. Akiwa ni padre, hawezi kutoa upadrisho wala kubariki mafuta ya krisma, lazima aalikwe askofu wa jimbo jingine. Kwaiyo wale waliokuwa wanalalamika mbona hatuletewi paroko, wengine walikuwa wanamlaumu mtu ambaye hata angetaka asingeweza.

Kwa mtazamo wangu hii sheria ni ya huruma kwa askofu ila inaweza kuwa ngumu kwa jimbo, pale Roma inapopokea barua haraka halafu inachelewa kuleta mtu. Ndo maana simlaumu Papa akimwambia mzee wa 75 mwenye afya yake subiri kidogo. Papa Fransisko mwenyewe mwaka 2018 aliandika waraka juu ya kujifunza kuaga, akasema anayejiandaa kuondoka aache tamaa ya madaraka na ile kujiona bila mimi haiendi, na aliyeombwa aendelee asione kapewa upendeleo.

Waumini wao wana yao. Wapo akina mama wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) watakaokwambia Baba Askofu ana nguvu, ngazi za altare anapanda mwenyewe bila kushikwa, mnamtoa wa nini? Wapo wanaowaza bahasha, maana kumuaga mmoja na kumsimika mwingine ni michango miwili karibu karibu, na vitenge viwili, cha kwanza kina picha ya anayeondoka, cha pili kina picha ya anayeingia, na jumuiya yako inataka sare zote mbili. Wapo pia wanaofurahi kimyakimya kwa sababu wana kesi na paroko wao na wanategemea askofu mpya atamhamisha.

Akishastaafu haachi kuwa askofu. Daraja takatifu haifutiki, anabaki kuitwa askofu mstaafu wa jimbo hilo, ana haki ya kuishi ndani ya jimbo, na jimbo ndo la kwanza kuwajibika kumtunza. Anasali misa, anaalikwa kutoa kipaimara. Ila maamuzi hana tena, kwaiyo kumpelekea mashtaka ya paroko wako ni kumsumbua mzee wa watu bure. Makardinali wana mpaka mwingine juu ya huo, wakifika 80 hawapigi kura ya kumchagua Papa, na ndo maana Mei 2025 alipochaguliwa Papa Leo, kura ya Mtanzania ilikuwa ya Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora, Pengo alikuwa ametimiza 80 Agosti 2024.

Na kama hukujua, paroko wako naye yumo. Kanuni ya 538 inamwambia na yeye akitimiza 75 aandike barua, ila yake inaishia kwa askofu wa jimbo. Askofu akipiga hesabu akaona mapadre hawatoshi na parokia ipo huko milimani Lushoto, naye anaweza kumwambia Baba Paroko endelea kwanza tukutafutie mtu.