Msumari wa Reli Sio Zawadi: Maelezo kwa Wageni Wetu wa Pocatello

Tangu ile kanuni ya serikali kuu ya Marekani kuhusu vitu vya makaburini na vya ibada vya makabila ya wenyeji ianze kufanya kazi tarehe 12 Januari 2024 dawati letu la kumbukumbu hapa Pocatello, Idaho, linapokea malalamiko ambayo zamani hatukuwa nayo, na karibu yote yanafanana: mmefunika kabati za maonyesho, mmeficha historia, nimeendesha gari karibu masaa mawili kutoka Twin Falls nakuta vioo vimezibwa na karatasi. Halafu huyo huyo anayelalamika anaingiza mkono mfukoni anatoa msumari wa reli, kauokota pembeni ya njia, anataka nimwambie una miaka mingapi na anaweza kuuza shilingi ngapi, samahani, dola ngapi.

Ndio maana nimeona niandike kwa Kiswahili. Ndugu zetu wa Boise na Twin Falls, wengi wao Wakongomani, siku hizi wanakuja na watoto likizo, na tangazo lililobandikwa mlangoni kwetu ni Kiingereza cha mawakili, hata mimi nililisoma mara tatu. Niseme mapema kwamba naandika kama mtu wa kumbukumbu, sio msemaji wa makabila ya Shoshone-Bannock, wenyeji wa asili wa eneo hili. Wao wana serikali yao na ofisi zao pale Fort Hall na wanajisemea wenyewe vizuri tu.

Tuanze na huo msumari. Hapana, sio ule wa dhahabu uliogongwa siku reli ya kuvuka Marekani ilipokamilika. Kila wiki kuna mtu anauliza kama reli ya kuvuka bara iliungana hapa. Iliungana Promontory, Utah, kusini kwetu, tarehe 10 Mei 1869, na msumari wenyewe wa dhahabu uko chuo kikuu cha Stanford huko California. Pocatello wakati huo haipo. Na hawa Wachina maelfu kwa maelfu waliojenga ile reli ya Central Pacific, kipande cha magharibi cha hiyo ya kuvuka bara, hawakuja kuujenga mji huu kwa idadi ile, kwa sababu mji wetu umeanza kukua wakati sheria ya 1882 imeshawafungia mlango wafanyakazi wa Kichina. Nalieleza hili mara nyingi mpaka nimechoka, mtu ananisikiliza vizuri, anaitikia kwa kichwa, halafu anapiga picha na kuandika chini yake "hapa ndipo reli mbili zilipokutana".

Kilichopita hapa kwanza ni Utah & Northern, reli nyembamba ya futi 3, yaani nyembamba hata kuliko ile ya mita moja tuliyoizoea kwetu. Ilitoka Utah kwenda kaskazini kwenye migodi ya Montana, na mwaka 1878 ilikata katikati ya hifadhi ya Fort Hall (sio hifadhi ya wanyama, ni eneo lililotengwa kwa makabila hayo), ardhi ambayo wenyeji walihakikishiwa kwa mkataba wa Fort Bridger wa 1868, miaka kumi tu nyuma. Vibali vya kisheria vilikuja baadaye, treni imeshaanza kupiga honi. Kisha ikaja Oregon Short Line kutoka Granger, Wyoming, ikielekea magharibi, ikafika Huntington, Oregon, mwaka 1884. Njia mbili zikakutana kwenye bonde la mto Portneuf, na hapo ndo pakawa mji. Wanauita mji wa lango, kwa sababu bonde lenyewe ni kama mlango kati ya milima.

Mwaka 1887 mambo mawili yalitokea ambayo mimi kama mtoto wa mji wa reli (nimekulia Tabora, baba alikuwa karakana) nayapenda kuliko yote. La kwanza, karakana zilihamishwa kutoka Eagle Rock, mji ambao leo unaitwa Idaho Falls, zikaletwa hapa, na mafundi na familia zao wakafuata. La pili, siku moja ya Julai magengi ya vibarua yalijipanga kando ya njia zaidi ya maili 200 kwenda Montana, wakang'oa misumari ya upande mmoja, wakasogeza reli kutoka futi 3 mpaka futi 4 na inchi 8 na nusu, wakagonga misumari upya, na kesho yake treni za geji ya kawaida, yaani upana huo mpya, zinatembea. Siku moja! Mataruma na misumari ya upande wa pili walishaandaa kabla, ndo ujanja wenyewe ulikuwa hapo. Kwa hiyo ukiniletea msumari ukaniuliza ni wa 1878 au wa 1887 au wa juzi, jibu langu ni kwamba ungebaki pale ulipokuwa ningeweza angalau kukisia. Ukishauweka mfukoni ni chuma tu.

Na sasa sheria. Ile njia ya reli unayoiona imekaa kimya sio mali ya umma, ni ya kampuni, pamoja na kokoto, taruma bovu, sahani ya chuma na msumari uliolala chini. Kuingia bila ruhusa ni kosa lenyewe, na kuchukua ni wizi. Hapa Idaho wizi mdogo faini yake inafika dola 1,000 au jela ya kaunti mpaka mwaka 1, au vyote viwili, na thamani ikizidi dola 1,000 unahamia kwenye wizi mkubwa, ambayo ni kesi nyingine kabisa. Mtu ananiambia "lakini hakuna aliyekuwa anautumia". Sasa ndugu yangu, baiskeli iliyoegeshwa nje ya duka pia hakuna anayeitumia. Achilia mbali usalama, treni ya mizigo iliyoko kwenye mwendo inaweza kuhitaji maili nzima au zaidi kusimama. Kampeni ya kitaifa ya usalama kwenye vivuko vya reli, Operation Lifesaver, ilianzia jimbo hili hili la Idaho mwaka 1972, na haikuanzishwa kwa sababu watu walikosa kazi ya kufanya.

Ukitoka kwenye njia ya reli ukaingia ardhi ya serikali kuu au ardhi ya hifadhi, unakutana na sheria ya 1979 ya kulinda mabaki ya kale. Hii naomba muisome taratibu. Inalinda vitu vya kale vilivyofikisha angalau miaka 100. Kuchimba, kuondoa au kuharibu bila kibali, kosa la kwanza ni faini mpaka dola 10,000 au jela mpaka mwaka 1 au vyote. Thamani ya vitu pamoja na gharama ya kurekebisha ulichoharibu ikizidi dola 500, inapanda mpaka dola 20,000 na miaka 2. Ukirudia kosa, mpaka dola 100,000 na miaka 5. Juu ya hayo gari lako na vifaa ulivyotumia vinaweza kutaifishwa, na hilo la gari ndo watu wanalishtukia kuliko jela. Kibali kwa ardhi ya kabila hakitoki bila kabila lenyewe kukubali. Na kuna wajanja wamesoma mtandaoni kwamba kichwa cha mshale kilicholala juu ya udongo hakimo kwenye adhabu za sheria hii. Ni kweli kimesamehewa kwenye adhabu za sheria HII, ila sheria nyingine za mali ya serikali na za kabila hazijakisamehe, kwa hiyo usije kwangu na nusu ya aya.

Kuhusu makabati yaliyofunikwa. Tangu 1990 kuna sheria inayoitwa NAGPRA, inazitaka taasisi zinazopata pesa za serikali kuu zirudishe mabaki ya wafu na vitu vya makaburini na vya ibada kwa wenyewe. Kanuni mpya, ile ya Januari 2024, imekaza kamba: kabla ya kuonyesha, kuruhusu kuguswa au kufanyia utafiti vitu hivyo lazima kwanza upate ridhaa ya kabila, na taasisi zimepewa miaka 5 kumaliza orodha zao. Sisi mpaka tukae na wenyewe tukubaliane, tunafunika. Hatujaficha historia. Kama marehemu bibi yako angewekwa kwenye kioo sebuleni kwa jirani, ungetaka uulizwe kwanza au usiulizwe?

Na tafadhali acheni kuandika "Wahindi wekundu" kwenye kitabu cha wageni. Ni Washoshone na Wabannock. Wako hai, wako dakika chache tu kaskazini, na pengine yule aliyekuuzia mafuta asubuhi ni mmoja wao.

Jina la mji nalo lina maswali yake. Sio la Kitaliano. Pocatello alikuwa kiongozi wa Washoshone, kwa lugha yao akiitwa Tondzaosha, alisaini mkataba wa Box Elder mwaka 1863, miezi michache baada ya wanajeshi kuua mamia ya Washoshone kwenye mto Bear mwezi Januari. Yeye na watu wake walikuwa wameondoka eneo lile kabla. Alifariki 1884, kabla mji haujawa mji, na inaelezwa kaburi lake sasa liko chini ya maji ya bwawa la American Falls. Kwa hiyo wanaoniomba niwaelekeze kaburini wakapige picha, hamna pa kwenda.

Mji ulipata ardhi yake vipande vipande. Kwanza kituo na uwanja wa reli. Watu wakajaa, wakajenga vibanda mpaka ndani ya hifadhi, serikali badala ya kuwaondoa ikarasimisha, mwaka 1888 Bunge likapitisha ekari karibu 1,840 za mji. Haikutosha. Mwaka 1900 likaidhinisha makubaliano ya kuchukua zaidi ya ekari 418,000 kwa dola 600,000, piga hesabu mwenyewe ekari moja imekwenda kwa bei gani, na tarehe 17 Juni 1902 wakafungua milango saa sita mchana watu wakakimbilia viwanja na migodi kwa farasi na kwa treni. Watu wa mji wanaiita siku ya mbio. Kule Fort Hall sijasikia mtu akiitaja kwa sauti ya sherehe. Hifadhi iliyoanza na ekari kama milioni 1.8 leo ina kama 544,000.

Sasa watu. Siku moja alikuja mama mmoja Mkongomani na watoto wanne, akasimama muda mrefu mbele ya picha ya wafanyakazi wa reli Weusi, akaniuliza, "Kaka, hawa nao waliletwa na shirika la wakimbizi kama sisi?" Nikamwambia hapana mama, hawa walifuata mshahara. Walikuwa wahudumu wa mabehewa ya kulala, wapishi, vibarua wa karakana. Walikaa upande wa mashariki wa reli kwenye mtaa ulioitwa Pembetatu, pamoja na Wagiriki, Waitaliano, Wajapani na Wameksiko, maana upande wa pili wengi wao hawakupangishwa. Wagiriki walijenga kanisa lao la Orthodox mwaka 1915 na bado limesimama. Wajapani waliokuwa wakiishi Idaho hawakuhamishwa makwao kwa lazima wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, ila wenzao wa pwani waliletwa mpaka kambi ya Minidoka, magharibi kwetu, zaidi ya watu 9,000 kwa wakati mmoja nyuma ya waya. Na mwaka 1973 mtoto wa hapa hapa, Les Purce, akawa Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kwenye wadhifa wa umma Idaho nzima, diwani, na 1976 akawa meya. Yule mama alinirudisha kwenye picha, akanionyesha mmoja wa mstari wa nyuma: huyu anaitwa nani? Sikuwa na jibu. Nyuma ya picha pameandikwa "vibarua" tu.

Ndo maana nachoka na wanaotaka "orodha kamili" dakika tano kabla hatujafunga. Orodha haipo mahali pamoja. Sensa ya 1890 iliteketea karibu yote baada ya moto wa Washington wa 1921, na mji wetu umesajiliwa 1889, kwa hiyo sensa ya kwanza kutuonyesha watu wetu kwa majina ni ya 1900. Sensa zinafunguliwa baada ya miaka 72, ya 1950 imefunguliwa Aprili 2022, ya 1960 subiri 2032, na hapana, siwezi kukuchungulizia. Kama babu yako alifanya kazi reli baada ya 1936 faili lake la pensheni linaweza kuwa kwenye nyaraka za taifa tawi la Atlanta. Ndiyo, Atlanta. Angalia namba yake ya hifadhi ya jamii, ikianza na 700 mpaka 728 huyo alikuwa mtu wa reli, utaratibu huo uliisha 1963. Andika jina kwa herufi zote zinazowezekana, karani wa mishahara hakuwa na subira na majina ya Kigiriki wala ya Kijapani.

Treni ya abiria haipo, msije stesheni na mabegi. Ya mwisho, Pioneer, iliacha Mei 1997. Na ile amri ya mji ya 1948 inayokataza kununa barabarani ni ya kweli, ilikuwa utani wa meya baada ya baridi kali, hatukamati mtu.

Mkija, leteni picha zenu badala ya misumari. Hata za juzi, hata za zamu ya usiku kiwandani, tunazinakili mnarudi nazo nyumbani. Ila kabla ya kuleta, geuza picha uandike nyuma majina yote matatu ya kila mtu, mahali na mwaka, na mtoto aliyebebwa naye umuandike. Kwa penseli laini. Biro inapenya upande wa pili na inakula sura.