Filiali si depo, na marki si kampuni

Hapa Goma kila kitu cha pombe kinaitwa filiali. Depo, ni kusema stoki ya pombe, ikifungwa mu kartie, wanasema filiali imefungwa. Pombe ya Primus ikivuka toka Gisenyi, wanasema hiyo ni ya filiali ya Bralima, sosiete ya pombe ya Congo, kule Rwanda. Na wenye wanasema vile si watoto, ni watu wenye walisoma, wengine wanafanya biashara ya pombe miaka na miaka. Tuiongelee basi.

Filiali ni sosiete yenye iko na karatasi zake, jina lake na kodi yake mu inchi yenye inafanyia kazi, lakini hisa zake nyingi ziko mu mikono ya sosiete ingine. Maana njo hiyo, haina siri. Mwenye kuwa na zaidi ya nusu ya hisa njo anachagua nani ataongoza.

Penye watu wanapoteyea ni kwenyi nani alizaa nani. Sosiete mama mu hii habari ni Heineken, ya Uholanzi. Ilianza Amsterdam mwaka 1864, wakati kijana mumoja, Gerard Heineken, alinunua kiwanda cha zamani chenye kilikuwa kinaitwa De Hooiberg. Hakukuwa Congo mu hiyo hesabu hata kidogo. Bralima yenyewe haikuzaliwa na Heineken: ilianzishwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1923 na jina la Brasserie de Léopoldville, pombe yake ya kwanza ikatoka mwisho wa 1926, na Heineken ikaingia nyuma, mu 1935, kama mwenye sehemu tu kati ya wengine. Ni paka mu miaka ya 1980 njo Heineken ilipata hisa nyingi. Kwa hiyo kwa miaka karibu makumi tano Heineken ilikuwa ndani ya Bralima lakini Bralima haikuwa filiali yake kabisa kabisa, na hii njo kitu watu hawapendi kusikia: kuwa na hisa mu sosiete na kuwa mama ya sosiete ni vitu mbili.

Sasa Bralirwa, sosiete ya pombe ya Rwanda. Kiwanda cha Gisenyi, hapa tu ng'ambo ya mupaka, kilianza 1957, na Heineken ilinunua hisa 70% mu 1971. Mu 1974 wakapatana na Coca-Cola, wakaanza kutengeneza soda zake, na pale pia watu wanakosa, ju kutengeneza kinywaji cha mtu kwa ruhusa yake ni lisansi, haikufanyi filiali yake. Mu 2011 serikali ya Rwanda iliuzisha hisa zake, 25% zikaenda kwenyi soko la hisa la Kigali, Heineken ikabaki na 75%. Sasa angalia: raia wa Kigali mwenye alinunua hisa kumi siku ile iko na sehemu mu Bralirwa, lakini mu Bralima haina kitu, na Bralima haina kitu mu Bralirwa. Paka mu 2025 walikuwa ndugu, mama mumoja, kila mumoja na nyumba yake. Kule Bujumbura ni vilevile, Brarudi, sosiete ya pombe ya Burundi, iko na Heineken kama mwenye hisa nyingi, na serikali ya Burundi iko na karibu 40%. Kusema Bralirwa ni filiali ya Bralima ni kama kusema dada yako ni mtoto wako.

Kinachochanganya watu ni chupa. Primus wanaitengeneza Bralima, wanaitengeneza Bralirwa, wanaitengeneza Brarudi, basi mtu anaona jina moja anafikiri ni sosiete moja. Lakini Primus ni marki. Marki ni jina tu lenye liko na mwenyewe, linaweza kwenda kwenyi kiwanda chochote mwenyewe anataka. Amstel, pombe yenye watu wanaleta toka Bujumbura, ilikuwa kampuni kabisa, ya Amsterdam, toka 1870, ilikuwa inashindana na Heineken mu muji mumoja, paka Heineken ikaimeza mu 1968. Kampuni ikakwisha, marki ikabaki, na leo inapikwa Burundi. Mützig nayo, pombe ingine ya Bralirwa, ni jina la muji mudogo wa Alsace, Ufaransa, hakuna mtu wa kule mwenye anapika ile ya Gisenyi.

Kisha kuna kiwanda. Kile cha Bukavu kilifunguliwa 1950, wakati muji ungali unaitwa Costermansville, na toka siku ile njo kilikuwa kinakunywesha Kivu. Kiwanda ni mali ya filiali, si filiali. Mu Juni 2025, kisha vita kuingia Goma na Bukavu, Heineken ilitangaza kama imetoa wafanyakazi wake wa mwisho kwenyi miji hizi, ju haikuwa tena na kontroli ya mali yake, na watu wakaanza kusema Bralima imekufa. Hapana. Bralima ilikuwa ingali Kinshasa na viwanda vyake vingine.

Hii tofauti haiko ya kuonyesha akili, iko na uzito. Wafanyakazi wa zamani 168 wa Bralima Bukavu, wenye waliachishwa kazi kati ya 1999 na 2003 wakati waasi wa RCD walikuwa wanatawala, walisumbuka miaka mingi. Mu 2015 walipeleka malalamiko yao Uholanzi, kwenyi ofisi yenye inachunguza kama sosiete za kule zinafuata masharti ya OCDE (shirika la inchi zenye uchumi mukubwa) hata kupitia filiali zao. Mu 2017 wakasikilizana na Heineken. Mbele ya sheria filiali ni mtu mwingine, lakini hawa watu walijua mama ni nani na wapi anaishi, wakagonga kwenyi mulango wenyewe.

Sasa wenye mnasema «filiali ya Goma», ninawaomba tu mseme depo ya Goma. Depo inawezekana iko ya Bralima, inawezekana iko ya mfanyabiashara wa hapa tu mwenye ananunua na kuuzisha. Kama iko ya Bralima na unadai kitu, barua haiandikwe kwa depo, ju mbele ya tribinali depo haina jina. Andika Bralima.