Hoedspruit sio ndani ya Kruger, jamani: uliza kwanza unalala ndani ya fensi gani

Juzi usiku dada mmoja kanitumia voisi noti ya furaha kabisa, kashalipia nyumba Hoedspruit usiku nne yeye na familia, "yaani tunaamka tu hivi tuko Kruger tayari", ile hifadhi kubwa ya taifa ya wanyama, na mimi nikakaa kimya kwanza maana hii sentensi naisikia karibu kila mwezi tangu nianze kupangia watu wa kwetu safari za Afrika Kusini, na kila nikiisikia hela ishalipwa. Kwa hiyo leo naandika yote, siku nyingine nitume linki tu.

Hoedspruit ni mji. Mdogo, wa nyikani, mkoa wa Limpopo, chini ya milima ya Drakensberg, una sheli, supamaketi, famasi, na ngiri wanakula majani pembeni ya barabara. Lakini ni mji. Geti la Orpen, ambalo wengi wanalitumia kuingia Kruger wakitokea hapo, liko kama kilomita 70, na geti la Phalaborwa upande wa kaskazini nalo ni hivyohivyo. Mtanzania fikiria Karatu: ukilala Karatu hujalala Ngorongoro, na Karatu yenyewe iko karibu na geti kuliko hawa. Tangazo likisema "karibu na Kruger" halijadanganya, wewe ndio umesoma "ndani".

Sasa swali la kumuuliza mwenye nyumba sio "kuna wanyama?" Wanyama wapo kila mahali kule. Uliza niko ndani ya fensi gani, na ndani ya hiyo fensi kuna nani. Hapa naomba mnivumilie maana ndipo watu wanapopotezea hela.

Kuna nyumba za mjini kabisa, fensi ya kawaida, bei nafuu. Halafu kuna zile esteti za wanyama pembeni ya mji, nyumba za watu zimejengwa porini, unaamka pundamilia yuko dirishani, twiga anakula mti wa jirani, na unaweza kutembea au kuendesha baiskeli mchana kwa sababu simba na tembo hawamo. Ni pazuri mno, ila ukikaa siku nne ukisubiri simba utarudi umenuna na kosa sio la mwenye nyumba. (Chui ni habari nyingine, fensi kwake ni kitu cha kuruka, kwa hiyo wenye watoto wadogo usiku mkae ndani. Mimi mwenyewe familia yenye mtoto wa miaka miwili mitatu nasita kuiweka huko, na sijawahi kupata jibu linaloniridhisha moja kwa moja.)

Halafu ndio hifadhi binafsi kama Timbavati na Klaserie, ambazo fensi kati yao na Kruger ilitolewa miaka ya 1990, mnyama anatoka huku anaenda kule bila kuuliza mtu. Hapa simba wapo, tembo wapo, usiku unasindikizwa kwenda chumbani na hilo sio pambo, ni lazima. Ila hapa napo kuna kitu matangazo hayasemi vizuri: loji kuwa ndani ya hifadhi kubwa haina maana magari yake yanaruhusiwa kuzunguka hifadhi yote. Kila loji ina eneo lake la haki ya kupita, moja ina eneo kubwa, nyingine ina kipande tu, na wewe utalipa bei zinazofanana ukidhani ni kitu kimoja. Waulize gemu draivu zao, ile mizunguko ya gari kutazama wanyama, zinazunguka hekta ngapi. Wenye eneo zuri wanakujibu haraka, wenye kipande wanakutumia picha za machweo.

Na hifadhi binafsi hujiendeshei gari kutafuta wanyama. Gari lako linalala parking, unazungushwa na mwongozaji, faida yake ni kwamba wao wanaweza kutoka nje ya barabara kumfuata chui, ndani ya Kruger wewe na gari lako la kukodi huruhusiwi kabisa. Kruger yenyewe ndio unajiendesha, hata na kigari kidogo maana barabara kuu ni za lami, spidi mwisho 50 kwenye lami na 40 kwenye vumbi. Watu wa Serengeti hili linawashangaza sana.

Neno lingine linalonitesa ni "self". Kwetu chumba self ni chumba chenye choo na bafu ndani. Kule ukiona "self catering" maana yake utajipikia, hakuna chai asubuhi, hakuna mtu jikoni. Nimewahi kupokea simu ya mzee mmoja saa mbili usiku amefika na mke wake, wana njaa, wanauliza mhudumu yuko wapi. Nyumba za kujipikia nzuri sana, kuna jiko la kuchomea nyama nje, zinaokoa hela, ila pita supamaketi mjini kwanza. Na uliza kama wana gesi na inveta, mgao wa umeme kule ulisumbua sana miaka iliyopita.

Turudi kwenye zile kilomita 70, maana mtu ananiambia "saa moja tu". Haya, chukua mwezi wa sita. Geti linafunguliwa saa 12 asubuhi, linafungwa saa 11 na nusu jioni, ukichelewa kutoka unapigwa faini. Ukilala mjini inabidi uondoke kabla hakujapambazuka, na ile barabara ya R40 gizani ina ng'ombe, watu wanatembea, mashimo, mimi simshauri mgeni. Ukisubiri mwanga umefika getini saa moja na kitu, unapanga foleni, halafu Satara, kambi ya ndani yenye sifa ya simba, ni kilomita 48 mbele kwa spidi ya 50. Hesabu mwenyewe na kurudi. Ndio maana nasema angalau usiku mmoja au miwili lala kambi za ndani, ubuku miezi mingi kabla. Na saa zao ziko nyuma ya zetu kwa lisaa limoja, msisahau.

Kwa loji, fika kabla ya saa 9 mchana. Usiku mbili ukiwahi unapata draivu nne, ukifika saa moja usiku kwa sababu ndege ilikuwa rahisi zaidi zimebaki tatu na bei ileile. Toka Joburg kwa gari ni masaa matano mpaka sita ukiwa mtulivu, au ndege mpaka uwanja wa Eastgate pale pale Hoedspruit.

Three Rondavels na God's Window, zile sehemu za kutazama mandhari, ziko juu ya mlima, unapanda kwa barabara ya mlimani ya Abel Erasmus, ni siku nzima, usiibane na safari ya Kruger. Malaria ipo, hasa Septemba mpaka Mei, "tumezoea malaria" sio dawa, kamwone daktari. Sehemu yoyote wanaporuhusu kushika watoto wa simba mimi simpeleki mtu.

Watanzania na Wakongo wa DRC bebeni pasipoti getini, Kruger ina bei ya wananchi wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ambayo ni karibu nusu ya ile ya wageni wengine, loji na mawakala hawakukumbushi. Wakenya poleni, Kenya haimo SADC.

Msimu gani? Kila mtu nilimwambia Agosti na Septemba, majani yamekauka, wanyama wanakuja majini, unaona mbali. Bado nasema hivyo. Ila Juni na Julai lile gari la wazi alfajiri ni baridi ya kweli, mtu wa Dar anakuja na sweta la kanisani anatetemeka haoni hata huyo simba, na Desemba yenye joto kali na majani marefu nimewahi kuona watu wangu wakirudi na furaha kuliko wa Agosti, swala pala wamezaa, ndege wamejaa. Siku hizi nikiulizwa nauliza kwanza unavumilia baridi au joto.

Yule dada tumeongea tena jana. Nyumba yake iko kwenye esteti, nzuri, watoto watafurahia twiga. Mwenye nyumba amekubali kupunguza usiku mbili, na kambi ya Orpen, pale getini, nimepata kibanda kimoja usiku wa tatu na wa nne.