Wanyama hakuwa wa kukaba tu

Bado utasikia vijiweni kwamba Victor Wanyama, kiungo wa Kenya, alikuwa wa kukaba tu: misuli, kadi, basi. Si kweli. Novemba 2012 pale Celtic Park ilipigwa kona, akaruka akawafunga Barcelona kwa kichwa. Celtic, timu yake ya Scotland wakati huo, wakashinda 2-1. Halafu kuna lile la Anfield, Februari 2018. Ndiyo kwanza ametoka benchi, kipa Karius wa Liverpool anapangua krosi kwa ngumi, mpira unamkuta Wanyama nje ya boksi. Hakuutuliza. Aliupiga hivyo hivyo, kombora hadi wavuni, Tottenham wakasawazisha. Ndilo lililochaguliwa bao bora la mwezi Ligi Kuu ya England, ligi ambayo yeye ndiye Mkenya wa kwanza kuicheza, akianzia Southampton 2013. Na kukaba? Alikaba kwelikweli, hilo halina ubishi.