Je, Wajua kwa Nini Kila Kasisi wa Kianglikana Huanza kwa Ushemasi?

Waumini wengi wa Malindi wamewahi kumwona kijana aliyetoka chuo cha theolojia, amewekwa kuwa shemasi, amevaa kola nyeupe na kuitwa mchungaji, lakini ikifika Jumapili ya Ushirika Mtakatifu hulazimika kumngoja kasisi atoke kanisa jingine. Ndipo watu huulizana: ikiwa ameshawekewa mikono na askofu, kwa nini asiweke wakfu mkate na divai mwenyewe? Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba bado yumo majaribioni. Jibu hilo halitoshi, na tena linaidhalilisha ushemasi, daraja iliyotajwa katika Agano Jipya lenyewe, kwani Paulo anapowaandikia Wafilipi anawasalimu watakatifu wote “pamoja na maaskofu na mashemasi.”

Kanisa Anglikana lina daraja tatu za huduma, yaani askofu, kasisi na shemasi, na kila moja ina kazi yake. Asili ya ushemasi kwa kawaida hutafutwa katika sura ya sita ya Matendo ya Mitume, ambapo wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Mitume waliwaita wanafunzi wachague wanaume saba wenye kushuhudiwa wema, akiwemo Stefano, kisha wakawaombea na kuwawekea mikono. Msomaji makini ataona kwamba sura hiyo haiwaiti saba hao mashemasi. Hata hivyo Kanisa limewahesabu hivyo tangu karne za mwanzo, kwa sababu kazi waliyopewa ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha daraja hiyo: kuhakikisha kwamba hakuna mhitaji anayepitwa.

Kiini hicho kimeandikwa waziwazi katika ibada ya kuwekewa mikono iliyomo ndani ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho ni msingi wa ibada za Kianglikana hata pale zilipotungwa upya. Askofu humweleza shemasi kwamba atamsaidia kasisi katika ibada na katika kuugawa Ushirika Mtakatifu, atasoma Maandiko, atafundisha vijana, atabatiza watoto kasisi asipokuwepo, na atahubiri akiruhusiwa na askofu. Kisha huongeza agizo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: awatafute wagonjwa, maskini na wasiojiweza wa parishi, na apeleke kwa mchungaji wao habari za hali zao, majina yao na mahali wanapokaa, ili wasaidiwe kwa sadaka za waumini.

Tulitazame agizo hilo kwa macho ya Malindi. Shemasi anayelitii hawezi kukaa ofisini akingoja watu wamjie. Atapita vichochoro vya Muyeye na Maweni, atapanda bodaboda kwenda Ganda au Gede, atapiga hodi kwa bibi kizee aliyelala kitandani tangu mvua za masika, na ataandika daftarini jina lake, nyumba aliko, jamaa anayemwangalia na dawa iliyokwisha. Jioni daftari hilo hufika kwa kasisi na wazee wa kanisa, na hapo sadaka ya Jumapili hupata pa kwenda.

Sasa ile hoja ya mkate na divai inaeleweka. Kuweka wakfu vitu vya Ushirika, kutangaza ondoleo la dhambi na kuwabariki watu kwa jina la Bwana ni kazi za kasisi na askofu. Shemasi hakuwekewa mikono kwa ajili hiyo. Tofauti hii huonekana hata siku yenyewe ya kuwekwa. Anapowekwa kasisi, makasisi waliopo huungana na askofu kuweka mikono kichwani pake, ila kwa shemasi askofu huweka mikono peke yake, na maelezo ya kale ni kwamba shemasi huwekwa kumtumikia askofu. Kitabu anachokabidhiwa ni Agano Jipya, pamoja na mamlaka ya kuisoma Injili kanisani. Stola yake, yaani ukanda mrefu wa kitambaa unaovaliwa ibadani, kwa desturi hupita bega la kushoto na kufungwa kiunoni upande wa kulia.

Kuhusu muda, Kitabu cha Sala kinataka shemasi awe ametimiza miaka 23 na kasisi miaka 24, na kwamba shemasi akae katika daraja hiyo mwaka mzima, isipokuwa askofu aone sababu njema ya kufanya vinginevyo. Kabla ya hayo yote huchunguzwa wito wake: askofu humuuliza mbele ya watu kama anaamini kwamba Roho Mtakatifu ndiye anayemsukuma ndani, na waumini nao huulizwa kama wanajua kizuizi chochote.

Pwani yetu ina ushahidi wa uzito wa daraja hii. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi, Waafrika wawili waliokombolewa utumwani na kulelewa Bara Hindi. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na askofu katika safari ya Uganda. Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba, ni shemasi huyo aliyewaongoza wapagazi waliosalia kurudi Rabai, chini ya bendera iliyoandikwa “Ikabodi,” jina ambalo Biblia hulifafanua kuwa utukufu umeondoka.

Shemasi akishapewa ukasisi, ushemasi haumtoki, na askofu pia hubaki shemasi, kwa kuwa Kristo mwenyewe alisema hakuja kutumikiwa bali kutumika. Ndiyo sababu kila mmoja huanzia hapo. Baadhi ya makanisa ya Kianglikana, kama lile la Marekani, yana pia mashemasi wa kudumu wasiotazamia ukasisi kamwe, ilhali kwetu wengi hupita tu. Naona tunapoteza kitu hapo, kwa maana shemasi akishakuwa kasisi na kuhamishwa, anayemfuata huanza upya kuzijua nyumba za wagonjwa.