MBA si lazima ili mhandisi apande cheo

Kwa miaka mingi wahandisi vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wameambiwa kwamba anayetaka uongozi akasome MBA (uzamili wa usimamizi wa biashara) ng'ambo, maana uzamili wa kiufundi utamfungia karakana.

Si kweli. Shahada hizo ziko ngazi moja, na MBA ililenga watu walio kazini tayari: darasani Harvard au INSEAD, chuo cha biashara cha Ufaransa, wengi wamefanya kazi takriban miaka mitano, na mijadala hutegemea waliyoyapitia. Mhitimu wa juzi atachangia nini?

Gharama nazo zinatofautiana mno. Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo kwa uzamili wa uhandisi (jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wageni wasiotoka Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula), ilhali MBA hukohuko hulipiwa. Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 akihitimu huweza kuruhusiwa kufanya kazi ya fani yake miezi 12; wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huweza kuongezewa 24. Baadhi ya MBA zimo kwenye orodha ya fani hizo, hivyo ulizia kabla ya kulipa.

Aliyekwisha kusimamia miradi na sasa anataka kuhamia fedha, huyo MBA inamfaa.