Elgon: ukiujua upande mmoja bado hujaujua

Kazi yangu ni kuongoza wageni Mlima Elgon na kukusanya masimulizi ya wazee, Kenya na Uganda, na swali la kwanza naloulizwa karibu kila mara ni kilele kina mita ngapi. Haya, Wagagai kule Uganda ni 4,321, na wanaopandia Kenya wengi huishia Koitobos, 4,222. Sasa tuyaache hayo, maana ukikimbilia kilele utamu wote unaupita huku chini.

Anza na mapango. Kitum liko ndani ya mbuga upande wa Kenya, linaingia mlimani kama mita 200 hivi, na ukimulika tochi ukutani utaona mikwaruzo mirefu imejaa kila mahali. Ni pembe za ndovu hizo! Wanaingia usiku, giza totoro, wanapapasa njia kwa mkonga, kisha wanabomoa mwamba na kuutafuna kwa sababu una chumvi, na mimea ya huku haina chumvi ya kutosha coz mvua imeshaiosha yote udongoni. Joseph Thomson, yule msafiri Mskoti, alipita huku 1883 akakuta watu wanaishi mapangoni na ng'ombe wao, akaamini kwamba ni watu wa kale waliyachimba wakitafuta madini. Hakukosea sana, maana wafugaji wa huku nao walikuwa wanachokoa mwamba huohuo wawape ng'ombe chumvi, kwa hiyo mtu na ndovu wamekuwa wakichimba machimbo yale yale.

Ila mle kuna popo wengi, na sio wa kuchezea. Mwaka 1980 na tena 1987 watu waliokuwa wameingia Kitum waliugua Marburg, homa kali ya virusi inayobebwa na popo, wakafariki. Vaa barakoa na glavu, usishikeshike kuta wala kinyesi, na kama askari wa mbuga amekwambia ishia mlangoni basi ishia mlangoni.

Kitu kinachonivutia zaidi mimi ni tohara. Wabukusu wako Kenya, Wagisu wako Uganda, mpaka ni wa Mwingereza (na hata huo ulisogezwa, kabla ya 1902 magharibi ya Kenya ilikuwa inahesabiwa Uganda), lakini wote wanatahiri vijana mwaka unaogawanyika kwa mbili, kwa hiyo ukija mwaka wa witiri umekosa. Agosti utasikia chinyimba kabla hujamwona mtu, zile kengele kijana anazigonga kwenye vyuma vya mkononi akizunguka kualika ndugu, wajomba hasa. Siku yenyewe alfajiri anapakwa matope mtoni, anarudi nyumbani na umati ukiimba, halafu anasimama wima bila kupepesa jicho. Waulize wazee chanzo ni nini: Mbukusu atakupa habari za Mango aliyeua nyoka mkubwa ndipo akatahiriwa, Mgisu atakwambia babu yao Masaba alimpenda Nabarwa, binti wa Kikalenjin, na binti akakataa kuolewa mpaka jamaa atahiriwe. Hadithi mbili tofauti, na zote zinawataja majirani wa Kikalenjin kuwa ndio waliokuwa na desturi hiyo kwanza. Mi naona huo ni ukarimu mkubwa sana, watu kukiri hivyo kwa jambo wanalojivunia kuliko yote. Picha omba ruhusa kwanza, tafadhali.

Mandhari nayo? Juu kuna kaldera (shimo la volkano ya kale) pana ajabu, mimea ya lobelia imezidi kimo cha mtu, na maji moto pale Mto Suam unapotokea. Mto huohuo ndio unakuwa mpaka, mbele unaitwa Turkwel, unaishia Ziwa Turkana. Sipi kule Uganda ni maporomoko matatu katikati ya mashamba ya kahawa, na ukiwa huko kula malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi yakapikwa na karanga.

Ukitaka kuvuka kaldera kwa miguu kutoka nchi moja hadi nyingine, panga mapema na mamlaka za mbuga zote mbili, na mambo ya uhamiaji yamalize kabla hujaanza kupanda. Disemba mpaka Februari njia huwa kavu kidogo, miezi mingine ni matope tu, na baridi ya usiku kule juu haijali umetoka wapi, so beba sweta mbili.